Mti wa Ubia

Asubuhi ile mtunza bustani wa manispaa alitoka nyumbani amevaa koti la mvua, na angani hapakuwa na wingu hata la dawa. Ndani ya koti alikuwa amekumbatia mche. Ulikuwa wa tisa, na alijiapiza kuwa ndio wa mwisho.

Mambo yalianza zaidi ya mwaka mmoja nyuma, kwenye kiwanja cha kiwanda cha zamani cha betri, mitaa miwili tu kutoka katikati ya mji. Manispaa ilikuwa na ardhi, kampuni ilikuwa na matingatinga, wakaingia ubia wa kujenga nyumba mia mbili. Likabaki jambo moja dogo: nani aupime udongo uliokunywa tindikali miaka arobaini? Manispaa ikasema hilo ni la kampuni. Kampuni ikasema hilo ni la manispaa. Wakakaa vikao kumi na vinne, wakanywa chai, wakatunishiana misuli, mwisho wakaafikiana kama watu wazima: wapande mti. Ukitimiza mwaka haujafa, basi udongo ni mzima, watu wakabidhiwe funguo.

Meya akashika mpini wa jembe huku, mkurugenzi wa kampuni akashika kule, wakapigwa picha. Jembe halikugusa ardhi mpaka mtunza bustani alipolichukua. Nyumba zenyewe hazikungoja. Kuta zilianza kupanda kabla mti haujatoa jani jipya.

Kumwagilia akapewa yule mzee mtunza bustani. Kukagua kila mwezi akapewa mtaalamu wa udongo, bwana mmoja msomi mwenye miwani, aliyeajiriwa na pande zote mbili ili asipendelee upande wowote.

Wiki ya tatu mti ukakauka. Mzee akapiga hesabu ya nyumbani kwake. Binti yake na wajukuu watatu walikuwa wakibanana naye chumba kimoja tangu mkwewe alipofariki, na jina la binti lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya nyumba. Mti ukifa, nyumba imekwenda na maji. Akachukua mche wa aina ileile kwenye kitalu cha manispaa, akaubadilisha kabla jua halijachomoza. Huenda ni jua kali, alijiambia. Huenda ni mkono wangu. Udongo ungekuwa na kasoro, si mtaalamu angesema? Yeye ndiye mwenye vipimo.

Na mtaalamu alisifu tu. Kila mwezi alifika buti zimeshajaa tope kabla hajaukaribia mti, akauzunguka mara mbili, akaandika.

"Shikamoo, mzee. Una mkono wa baraka wewe."

"Marahaba. Tunajaribu tu, bwana."

"Mimi nikikuona uko hapa, sina wasiwasi."

Ikafika mahali mzee mwenyewe akaanza kuamini. Mwezi wa tano alipanda mche wenye matawi manne. Ijumaa akaukuta una matano. Alisimama palepale akamshukuru Mungu kwa sauti.

Binti naye alikuwa ameshahamia kwa mdomo.

"Baba, kule nyuma ya nyumba nitalima mboga. Watoto wangu wataacha kula vya sokoni vilivyolala siku tatu."

"Lima, mwanangu," mzee alijibu, kisha akageukia ukutani akajifanya amelala. Alimpenda binti yake kuliko alivyoiogopa kesho.

Leo mwaka ulikuwa unatimia. Sherehe saa nne, hema limeshafungwa, na bango kubwa limeandikwa "Ardhi Imepona". Na jana jioni majani yalikuwa yamejikunja tena, yote.

Mzee alipenya nyuma ya uzio ili mlinzi asimwone, akakata kona ya nyumba namba moja, akaganda.

Pale penye mti palikuwa na mtu amepiga magoti. Shimo lilikuwa wazi, mti mkavu umelazwa kando, na mtaalamu wa udongo, miwani imemteremka puani, alikuwa akitoa mche mbichi kwenye begi la vipimo.

Wakatazamana. Koti la mzee likafunguka lenyewe, majani yakachungulia.

"Huo wa ngapi, mzee?" mtaalamu akauliza taratibu.

"Wa tisa. Na wako?"

"Wa kumi na moja."

Nyuma yao geti likalia. Binti hakuweza kungoja saa nne. Alikuwa anaingia na godoro kichwani na watoto wote watatu, yule mdogo ametangulia mbele, anakimbia peku.