Kitufe cha Sitaki

Siku hizi hakuna mpiga picha anayegusa kamera mpaka kila atakayeonekana pichani abonyeze Nakubali kwenye simu yake. Anayebonyeza Sitaki hatajwi jina. Mwanamke aitwaye Sikudhani ndiye aliyeisanifu programu hiyo ya kuweka miadi ya picha, na hilo la kutotaja ndilo alilojivunia kuliko yote: mnyonge asije akabanwa na nduguze.

Sasa alikuwa amempangia mpiga picha aje kwake siku ya Idi, na simu ikamjibu: "Mmoja wenu hataki."

Nyumbani wako wanne tu.

"Jamani, nani hataki picha?" akauliza mezani.

"Mimi nimekubali, mwanangu," mama mkwe akasema, akimenya chungwa.

"Hata mimi," akasema Shaibu, mumewe.

Raya, binti yao, akaitikia kwa kichwa, mdomo umejaa wali.

Sikudhani akawatazama mmoja mmoja. Asubuhi alipofika kazini tu, alikipausha kitufe cha Sitaki mpaka kikakaribia kupotea, akakikuza cha Nakubali kikajaa kioo kizima. Akajisemea kwamba anawarahisishia watu, akawatumia wa nyumbani ombi upya. Kabla ya adhuhuri simu ikaita: "Wote wamekubali."

Picha ilipigwa, ikatundikwa sebuleni. Kila apitapo husimama kuutafuta uso uliolazimishwa. Watatu wale wanatabasamu kwa raha zao. Aliyekaza uso ni yeye, macho yake yakiwachungulia wao badala ya kutazama kamera.