Kondoo Aliyefutwa Paji

Haya alinihadithia mjukuu wangu Mwanaidi juzi, tukichambua mchele. Yeye anasomea mifugo chuoni.

Bi Sikujua wa maabara ndiye huwashikia wanafunzi kondoo wajifunze kutoa damu shingoni. Kwa kila sindano, humchora kondoo mstari wa buluu kwenye paji. Ikitimia mitatu, kondoo huyo hupumzishwa wiki nzima.

Siku moja kondoo wote walikuwa wameshatimiza mitatu, na wanafunzi tisa bado hawajapata zamu. Mwalimu Kibwana akachovya pamba kwenye spiriti, akamfuta mmoja paji.

“Haya, huyu mpya. Mlete, Bi Sikujua.”

“Mistari umeifuta, mwalimu. Matundu ya sindano je, utayafuta na nini?”

“Mama, kazi yako ni kushika. Kesho nitaomba mshikaji mwingine.”

“Omba. Leo nashika mimi.”

Akawaswaga kondoo wote bandani, akaingia nao, akakomea kwa ndani. Mwalimu akagonga, akafoka, akatishia kumwandikia mkuu wa chuo. Mwishowe akawaruhusu wanafunzi, akaenda zake.

Bi Sikujua alibaki ameegemea mlango. Yule aliyefutwa paji akamsogelea, akaanza kumtafuna ukingo wa koti jeupe. Hakumzuia. Jua la saa tisa lilipopenya nyufani, usingizi ukamchukua vivyo hivyo, mkono juu ya komeo.