Gunia la Arobaini na Moja

Fuko alikuwa mkulima hodari, ila akisikia tu kalamu inakwaruza, huanza kulia njaa. Siku moja alifika Korongo, mtafiti wa mavuno, daftari kwapani.

"Mzee Fuko, msimu huu umevuna magunia mangapi?"

"Magunia, mwanangu? Hata punje! Tunalalia maji matupu."

Kumbe ghala lake la chini ya ardhi lilikuwa na magunia arobaini, na majirani wote walikuwa wamejibu vivyo hivyo.

Korongo aliandika yote. Mfalme Simba alipoisoma ripoti, machozi yalimtoka, akaagiza mahindi ya msaada kutoka msitu wa jirani. Soko likafurika, bei ikaanguka puu! Debe zima la mahindi halikununua hata kipande cha sabuni.

Fuko akamkimbilia Korongo, aliyekuwa akigawa magunia ya msaada. "Umeandika uongo mtupu! Mimi nina magunia arobaini, nitamuuzia nani?"

"Mzee, niliandika ulichosema."

"Nilisema vile ili nipate msaada!"

"Basi pokea, zamu yako imefika," akajibu Korongo, akamtwisha gunia.

Fuko akarudi nyumbani akihema, na magunia yakawa arobaini na moja.