Hodi ya Tatu

Siku hizi huingii kwenye mtandao wa kampuni bila kupiga hodi. Unaitamka mbele ya kompyuta, lango la mtandao linaitambua sauti yako, linakujibu karibu, ndipo mafaili yanafunguka. Karibu ya kampuni yetu aliirekodi marehemu mume wangu, Shekue, alipokuwa fundi mitandao hapa. Aliivuta mwishoni, kama mtu aliyekwisha kukumiminia chai.

Mimi ndiye ninayeandika matangazo. Wiki iliyopita niliandika: "Jiunge na semina yetu mtandaoni, ujifunze kuboresha lango la kampuni yako. Malango mapya hayakucheleweshi kwa salamu."

"Hapo umewamaliza, Mama Zuhura," bosi wangu, Kiondo, akasema akicheka. "Watajaa. Tutaanza na lango letu wenyewe, liwe mfano."

Leo asubuhi nimekaa, nikapiga hodi. Mafaili yakafunguka yote, kimya. Nikapiga ya pili. Nikaweka kikombe chini, nikapiga ya tatu, polepole.

Kwetu, hodi ya tatu isipoitikiwa, mgeni hurudi alikotoka, hata mlango ukiwa wazi. Nikaifunika kompyuta.