Kitufe cha Kukubali

Lesi ya shingoni ilibanduka ikabaki kidoleni mwangu, kumbe ilikuwa imebandikwa kwa gundi tu. Gauni lenyewe, jeupe, nililomnunulia mjukuu wangu mtandaoni avae kanisani siku ya Jumapili Nyeupe, sikukuu yetu ya watoto, lilikuwa dogo kama la mwanasesere.

Kwetu Samoa ukipewa kitu unakiinua juu ya kichwa, ndiyo shukrani. Hata kile kifurushi nilikiinua palepale posta, kabla sijakifungua.

Nililalamika, na muuzaji akanijibu kwenye simu: chukua theluthi ya pesa zako, baki na gauni, bonyeza "Nimekubali". Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe, kwani tumelelewa kupokea kinachotolewa.

"Bonyeza tu, Mama, yaishe," alisema Fetuao, mke wa mwanangu. "Kanisani watasema tunagombania kitambaa."

"Waseme! Kwani wao watamvika nani hili, paka?"

Nikapiga simu benki, maana nililipa kwa kadi. Mtu wa benki akanieleza kwamba ukilipa kwa kadi, kisha kikaja kitu sicho, benki inaweza kumdai muuzaji pesa zote.

"Ila ukishakubali hiyo theluthi, bibi, sisi hatuna la kufanya tena. Umekubali?"

Fetuao alikuwa akinitikisia kichwa: sema ndiyo, sema ndiyo.

"Mwanangu," nikamwambia yule wa benki, huku nikiifuta ile gundi ya kidoleni kwenye nguo yangu, "andika kwa herufi kubwa: bibi amekataa."