Tisa Nukta Tatu

"Andika tisa nukta nane," alisema Cherehani, kwa sauti ya chini iliyokuwa mbaya kuliko kelele. "Andika, twende zetu."

Kobe hakuandika. Aliivuta tena ile goroli ya chuma iliyoning'inia kwenye uzi, akaiachia, akaanza kuhesabu upya inavyokwenda na kurudi, kana kwamba mchana ule ulikuwa na saa arobaini.

Jozi nyingine kumi na tatu za wanafunzi zilikuwa zimeshaosha mikono na kuondoka. Waliobaki maabara ni wao wawili, saa ya kuhesabia sekunde, na sentensi moja ambayo mhadhiri aliiacha ubaoni tangu asubuhi: *Leteni mlichokipima.*

Zoezi lenyewe lilikuwa jepesi. Pima urefu wa uzi, pima muda wa kubembea, piga hesabu, upate kujua dunia inavivuta vitu kwa kiasi gani. Kitabu kinasema tisa nukta nane. Wao walipata tisa nukta tatu moja. Wakarudia, wakapata tisa nukta tatu nne. Sasa ilikuwa mara ya kumi na mbili, na Kobe alikuwa ametoka kutamka, taratibu kama mtu anayesoma risala, "Tisa nukta tatu mbili."

Wenzake walimwita Cherehani kwa sababu mbili: mama yake alikuwa mshonaji, na mdomo wake ukishaanza haukati uzi. Ya pili aliicheka. Ya kwanza ilimchoma. Alikuwa anarudia mwaka, na barua ya idara haikuzunguka mbuyu: akianguka tena kwenye maabara, afungashe virago. Na nyumbani mama alikuwa ameshaanza kumwita "mwanasayansi wangu" mbele ya wateja.

Fundi wa maabara alipita akikusanya vifaa, vidole vyake vikiwa bado vinanata gundi. Rula za zamani zilikuwa zimefutika namba, kwa hiyo wiki ile alikata mbao mpya na kuzibandika karatasi za vipimo. Cherehani alimwuliza kama tangu azaliwe amewahi kumwona mtu aliyepata tisa nukta tatu. Fundi aliangalia dari, akasema kazi yake yeye ni kubandika.

"Dada, sikiliza," Kobe alisema. "Tungekuwa tunakosea sisi, tungekosea huku na huku. Hatuwezi kukosea palepale mara kumi na mbili. Naomba ile futi yako ya kushonea niliyoiona mkobani, tuupime nayo huu uzi."

Futi ilikuwa ndani ya mkoba. Mama alimpa mpya siku ya kuondoka, baada ya kuitupa ya zamani iliyokuwa imevutika, ikawabania wateja watatu magauni kabla hajaistukia. Mwisho wa wiki Cherehani aliitumia kupunguzia wenzake sketi bwenini, mlango ukiwa umefungwa.

"Hapa ni maabara, kaka, si kwa mshonaji," alisema. Uso ulikuwa umemwiva. "Unataka nitoe futi ya mama yangu hapa, kesho darasa zima linicheke? Wewe ukianguka utarudia mwaka. Mimi nikianguka narudi nyumbani. Unaijua tofauti?"

Kobe akaandika ukurasa wa mwisho wa ripoti kwa mwandiko wake wa duara: tisa nukta tatu mbili. Chini yake akaongeza, *Hatujui ni kwa nini.* Alikuwa na kipindi kingine, akamwachia yeye aipeleke.

Cherehani alisimama nje ya ofisi ya idara akiyasoma maneno yale manne ya mwisho. Hatujui ni kwa nini! Mtu anakusomesha miaka ishirini kwa kukodoa macho kwenye tundu la sindano, halafu wewe unakwenda kumwambia hujui ni kwa nini. Aliuchomoa ukurasa, akaukunjakunja, akausukumia mkobani. Ukuta ulitosha kuwa meza. Akaandika mwingine: tisa nukta nane moja.

Jumatatu mhadhiri aliingia na rundo la ripoti kifuani, ya kwao ikiwa juu.

"Jozi kumi na nne," alisema. "Na jozi zote kumi na nne zimepata tisa nukta nane."

Darasa lilishusha pumzi. Cherehani alimgusa Kobe kwa kiwiko: unaona sasa? Lakini Kobe alikuwa ameikazia macho ripoti, ambayo mhadhiri alikuwa ameifungua ukurasa wa mwisho. Mwandiko haukuwa wa duara. Alimgeukia Cherehani, akamtazama, kisha akainamisha kichwa.

Mhadhiri alilaza mezani rula ya chuma aliyokuja nayo kutoka ofisini. Ubavuni mwake akalaza moja ya zile za mbao. Zilianza pamoja. Zilipofika mia, ya mbao ilikuwa imeipita ya chuma kwa upana wa vidole vitatu.

"Hizi karatasi nilizikuza mwenyewe kwenye mashine ya kopi," alisema. "Aliyepima kweli alipata tisa nukta tatu. Yuko wapi?"

Cherehani aliingiza mkono mkobani, na vidole vyake vikaukuta ule ukurasa, umejikunja katikati ya futi ya mama yake.