Padre Ahamia Kampasi ya Udaktari

Mwanafunzi alifunua mkono wa maiti ya mtu aliyekiachia chuo mwili wake, akaganda. Kidole cha shahada kilikuwa kimepinda kuelekea gumba, kana kwamba bado kimeshika chaki.

Alikijua. Mwaka jana, kule kampasi kuu, padre mzee wa Kijesuiti aliyewafundisha falsafa aliwaaga: "Tangulieni huko udaktarini, wanangu. Nami nitakuja kuwafundisha."

Darasa zima lilivunjika mbavu. Padre huyuhuyu anayeogopa sindano?

"Mbona umeganda?" aliuliza mwalimu wa maabara. "Shika kisu, tuanze."

Mwanafunzi akakiacha kisu mezani, akainuka kitini, kama walivyoinuka kila Padre alipoingia darasani.

"Shikamoo, Padre."

Nyuma yake, viti vikaanza kusogea.